Lugha ya Nyumbani ni Haki ya Mtoto na Heshima ya Mzee

*Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani, Songwa*

Ndugu wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo! Mwangaluka!

Wengi wenu mmetabasamu kwa salamu hii ya pili, na baadhi mmegeuka kutazama kama kweli imetoka mezani hapa. Tabasamu hilo tulichukue kama mwanzo wa mada yetu. Kwa nini salamu ya nyumbani itushangaze ikitamkwa kwenye mkutano wa Kanisa, au ofisini, au darasani? Ni nani aliyetufundisha kwamba Kisukuma ni lugha ya zizini na jikoni tu, na kwamba mtu akivuka kizingiti cha shule hana budi kuiacha nje kama anavyoacha fimbo ya kuchungia?

Wapo watakaouliza: Tume ya Haki na Amani inahusikaje na lugha? Tumezoea kuisikia Tume ikisema juu ya mashamba, juu ya fidia za migodi, juu ya rushwa, juu ya mauaji ya vikongwe. Jibu letu ni kwamba haki huanzia katika kusikilizwa, na hakuna anayeweza kusikilizwa asipoweza kusema. Asiyeelewa anachoambiwa hawezi kutetea shamba lake. Mtoto asiyeelewa mwalimu hawezi kuitwa mvivu. Mzee asiyeeleweka na wajukuu wake huwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe.

Kwa hiyo tutafuata njia tuliyoizoea katika Jumuiya zetu: kwanza tuone, kisha tutafakari, halafu tutende.

1. TUONE

*Mtoto siku ya kwanza shuleni*

Katika vijiji vingi vya Kishapu, na vya Shinyanga na Geita kwa jumla, mtoto hufika darasa la kwanza akiwa tayari anajua mengi. Anajua kuhesabu ng'ombe wa baba yake kwa rangi na kwa pembe. Anajua kutega na kutegua kitendawili, kwa maana jioni amekuwa akisikia "Kalagu!" naye akiitikia "Kize!" Anajua majina ya miti, ya majani na ya udongo. Yote hayo anayajua kwa Kisukuma.

Kisha anaketi darasani, pengine pamoja na wenzake mia moja, mbele ya mwalimu aliyetumwa kutoka mkoa mwingine, ambaye kwa haki kabisa anafundisha kwa Kiswahili kama sera ya taifa inavyoagiza. Mtoto ananyamaza. Miezi inapita akiwa kimya. Mwalimu anaandika kwamba mtoto huyu ni mzito wa kuelewa. Baba anaona ni heri akachunge. Na msichana anaambiwa akamsaidie mama yake. Aliyepotea hapo hakukosa akili. Alikosa daraja la kuvukia.

Tena, katika baadhi ya shule bado iko desturi ya kumwadhibu mtoto anayesikika akisema lugha ya kwao. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa siku zake walivyopokezana kipande cha alama, kila aliyenaswa akisema Kigikuyu akikabidhiwa, hadi jioni wote waliokishika wachapwe. Jambo hilo lilimfundisha mtoto mambo mawili kwa pamoja: kuionea haya lugha ya mama yake, na kuwachongea wenzake. Tujiulize kama mafundisho ya namna hiyo yanaweza kujenga amani.

*Mzee katika mkutano wa kijiji*

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mkutano mkuu wa kijiji una neno katika mambo ya ardhi. Lakini ni wangapi kati ya wazee wetu, na hasa akina mama wazee, wanaofuatilia barabara maelezo ya mthamini au ya mwanasheria? Eneo letu ni la madini. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Penye madini hapakosi karatasi, na karatasi hizo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hufafanuliwa kwa Kiswahili cha kitaalamu, kisha hutiwa dole gumba na mtu anayefikiri kwa Kisukuma. Lugha tatu zimekutana juu ya shamba moja, na mwenye shamba ndiye aliyeelewa kidogo kuliko wote. Mwaka 2021 sheria ilifanywa kuwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, na hatua hiyo tunaishukuru. Imewasogeza watu karibu na haki. Iliyobaki ni hatua ya mwisho, ya kutoka Kiswahili hadi sikio la bibi kizee wa kijijini.

*Mjukuu na bibi yake*

Katika miji yetu, Shinyanga, Kahama, Geita, na hata katika vituo vidogo kama Maganzo, kuna watoto wanaoelewa Kisukuma lakini hujibu kwa Kiswahili. Na wako wasioelewa kabisa. Wazazi wao wenyewe husema kwa fahari, "Mwanangu hajui kilugha." Wakipelekwa kijijini wakati wa likizo, wanakaa na bibi kama watu waliokutana stendi.

Tuliseme jambo hili kwa uzito wake. Usukuma wetu umebeba aibu ya kuwaua vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Akina mama wazee wamehukumiwa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa jikoni, miaka na miaka ya kupika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ili watoto wale. Hatusemi kwamba kufundisha lugha kutakomesha mauaji hayo, kwa maana yana mizizi mingine: ugomvi wa mashamba na urithi, ujinga juu ya magonjwa, na ramli za waganga wapiga ramli. Wala hatusahau kwamba wauaji wengi walijua Kisukuma vizuri sana. Hata hivyo kijana aliyeketi miguuni pa bibi yake, akasikia kwa kinywa chake hadithi za ukoo na majina ya waliotangulia, ni vigumu zaidi kumwaminisha kwamba bibi huyo ni adui. Na mzee anayeitwa shuleni kufundisha amewekwa mbele ya kijiji kizima kama hazina. Heshima ya namna hiyo ni ulinzi.

2. TULIKOTOKA

Kisukuma si lugha ndogo. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa atlasi yake mwaka 2009 ikionyesha lugha zaidi ya 150 nchini, na kati ya hizo zote Kisukuma kilikuwa cha kwanza kwa wingi wa wasemaji, zaidi ya milioni tano. Basi hatulii matanga. Lakini mto mkubwa nao hukauka ukizibwa kwenye chemchemi, na chemchemi ya lugha ni mtoto.

Katika Kanisa tumekuwa na watu walioliona jambo hili mapema. Wamisionari wa Afrika waliofika Bukumbi mwaka 1883 walijifunza lugha kabla ya kufundisha dini. Padre David Clement, mzaliwa wa Quebec, alianza katika miaka ya 1950 pale Bujora kazi ya kukusanya vyombo, nyimbo, ngoma na maneno ya Wasukuma, kazi ambayo leo tunaiona katika Makumbusho ya Wasukuma. Hapo hapo Bujora, sikukuu ya Ekaristi ikawa Bulabo, na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikashindana kwa furaha kando ya maandamano ya Sakramenti Takatifu.

Baada ya uhuru, taifa lilichagua Kiswahili, nacho kilitufanya ndugu. Jambo hilo tunamshukuru Mungu kwalo. Kwa Kiswahili Msukuma na Mmakonde wamekaa dawati moja bila mkalimani. Lakini tusimfanye Mwalimu Nyerere aonekane adui wa lugha za nyumbani. Mtu yule yule aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963 ndiye aliyekuwa kwao Butiama mwaka 1955, baada ya kuacha ualimu, akimfundisha padre mmisionari Kizanaki. Kwake lugha hizo mbili zilikaa katika nyumba moja bila kugombana. Nayo Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina, ikahimiza wananchi wajivunie, waziandike na wazifanyie utafiti. Ajabu ni kwamba sera ya elimu, ya mwaka 1995 na hizo zilizofuata, haikuzipa nafasi darasani. Hazina ikasifiwa mlangoni, ikafungiwa nje.

Majirani zetu wa Ukerewe wana ushuhuda wao. Aniceti Kitereza, mkatekista na msomi, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapishaji kwa lugha hiyo. Mwishowe alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kilitoka baada ya miaka 35 hivi, yeye akiwa mzee wa kufa. Alifariki mwaka 1981. Ulimwengu ulikipata kitabu. Wakerewe walikingoja katika lugha waliyokitungiwa.

*Lugha ni ghala*

Tukitaka kujua lugha ya nyumbani hubeba nini, tutazame chini ya miguu yetu. Msukuma hasemi tu "udongo". Anasema luseni, itogolo, ibambasi, ibushi, mbuga. Na kila jina linamwambia apande nini, alishe wapi, na maji yatakaa au yatapita. Wataalamu wa udongo wa wakati wa Waingereza walipochunguza nchi yetu waliyachukua majina hayo wakayatumia katika vitabu vyao, kwa kuwa hawakuona mengine yaliyo sahihi zaidi.

Vivyo hivyo ngitili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, mkoa wetu ulikuwa umekuwa kipara. Watu waliuita jangwa la Tanzania. Uponyaji ulipatikana pale wataalamu waliposikia neno la wazee: tenga malisho, yafunge, yaache yapumzike hadi kiangazi. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Dawa ilikuwa imehifadhiwa ndani ya neno moja la Kisukuma. Kama neno hilo lingalikuwa limesahaulika, nani angaliitafuta?

3. HOFU TATU

Tunajua mioyoni mwenu yapo maswali, nayo ni ya haki.

*Hofu ya kwanza: Je, huu si ukabila?* Ukabila ni kumnyima mwenzako kwa sababu ya kabila lake. Kumpenda mama yako si kumchukia mama wa jirani. Tukumbuke pia kwamba Wanyarwanda, walioingia katika maangamizi ya mwaka 1994, wanasema lugha moja, Kinyarwanda. Na Somalia, iliyosambaratika mwaka 1991, karibu watu wake wote wanasema Kisomali. Lugha moja haikuwazuia kuuana. Kinachozuia ni haki. Lakini onyo hili litufikie sisi Wasukuma hasa, tulio wengi: katika Songwa na Maganzo wako ndugu Wanyamwezi, Waha, Wakurya, Wachaga na wengine waliofuata kazi za migodi na biashara. Kisukuma kisigeuzwe kuwa ukuta wa kuwazungumzia pembeni. Palipo na mgeni mkutanoni, adabu ni kusema Kiswahili, au kutafsiri.

*Hofu ya pili: Je, mtoto hatachelewa kujua Kiswahili na Kiingereza?* UNESCO ilikwisha kusema tangu mwaka 1953 kwamba mtoto huanza vizuri zaidi kusoma katika lugha anayoielewa. Ndugu zetu Waganda, katika mtaala wao wa mwaka 2007, waliamua madarasa matatu ya kwanza katika sehemu nyingi yafundishwe kwa lugha ya mahali. Nasi tunaweza kuona kwa macho yetu. Msukuma husema *munhu, banhu*. Kiswahili husema *mtu, watu*. Husema *ng'wana, bana*. Kiswahili *mwana, wana*. Mwalimu akimwonyesha mtoto kwamba *ba-* ya kwao ndiyo *wa-* ya Kiswahili, atakuwa amempa ufunguo wa ngeli nzima kwa somo moja. Anayejenga chumba cha pili haanzi kwa kubomoa cha kwanza.

*Hofu ya tatu: Tufundishe Kisukuma kipi, na tukiandikeje?* Ni kweli kwamba kuna kimunakiiya cha mashariki, kimunadakama cha kusini, kimunang'weli cha magharibi, na kimunantuzu cha upande wa Bariadi. Tena Kisukuma kina irabu saba, Kiswahili tano. Na kina sauti kama *mh*, *nh* na *ng'h* ambazo mwandishi wa Kiswahili huziruka. Ndiyo maana majina ya vijiji vyetu vingi yameandikwa kwa *Mwa-* pale wazee wanapotamka *Ng'wa-*. Hayo ni matatizo ya kazi, wala si sababu ya kuacha kazi. Mtoto aanze na lafudhi ya kijiji chake, na wakubwa wakubaliane juu ya maandishi.

Ikiwa bado twadhani lugha haiwezi kufa, tutazame mbali kidogo. Australia, kabla Waingereza hawajafika mwaka 1788, ilikuwa na lugha zaidi ya 250 za wenyeji wa asili. Watoto wengi walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao, na katika shule na makao mengi wakakatazwa kusema lugha zao. Leo ni chache tu ambazo watoto bado wanazirithi. Lakini huko huko, pale Wadeye kaskazini mwa nchi hiyo, shule ya Kikatoliki imewafundisha watoto kusoma kwa Murrinhpatha, lugha ya mahali, pamoja na Kiingereza. Naye Papa Yohane Paulo II, alipokutana na wenyeji hao Alice Springs tarehe 29 Novemba 1986, aliwaambia kwamba utamaduni wao haupaswi kuachwa utoweke. Wao wanarudisha kwa jasho kile ambacho sisi bado tunacho bure.

4. TUTAFAKARI

Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwapa watu wote lugha moja. Aliwapa mitume ili kila msikilizaji, Mparthi na Mmisri na Mwarabu, asikie matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Umoja wa Roho hauhitaji kunyamazisha yeyote.

Binti Yairo alipokuwa amelala, Bwana alimwita kwa Kiaramu, lugha ya nyumbani kwao. Na Mwinjili Marko, ingawa aliandika kwa Kigiriki, aliyahifadhi maneno hayo kama yalivyotamkwa. Mtoto aliinuliwa kwa lugha ya mama yake.

Petro naye alitambuliwa uani kwa lafudhi yake ya Kigalilaya. Ni wangapi kati ya vijana wetu huchekwa mjini kwa Kiswahili chao chenye sauti ya Usukuma, wakaona haya, wakakana? Bwana hakumchagua Petro baada ya kumwondolea lafudhi.

Tena tusome sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Malalamiko ya kwanza ya haki katika Kanisa yalitoka kwa Wayahudi waliosema Kigiriki, kwamba wajane wao walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Waliosahauliwa walikuwa akina mama, wajane, wa lugha nyingine. Mitume hawakuwaambia wajifunze kwanza lugha ya wengi ndipo wapate chakula. Waliteua watu saba wa kuwahudumia. Hapo tunapata mfano wa Kamati yetu ya Haki na Amani.

Hati ya kimataifa ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989, ambayo nchi yetu iliiridhia mwaka 1991, nayo inataka elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, kwa utamaduni wake na kwa lugha yake. Basi tunachoomba si upendeleo.

5. TUTENDE

Hatuna mamlaka ya kubadili mitaala, wala hatuwahimizi walimu kuvunja sera. Lakini yapo mengi ambayo hakuna sheria inayoyakataza.

*Nyumbani.* Wazazi waseme na watoto kwa lugha ya nyumbani, kila mzazi yake. Mke Mnyamwezi na mume Msukuma wana utajiri maradufu. Shikome, moto ule wa jioni ambao wazee walifundishia, uwashwe tena hata mara moja kwa juma, na simu ziwekwe kando.

*Katika chekechea za parokia.* Mlezi awe mtu anayejua lugha ya watoto. Miezi ya kwanza amsikilize mtoto kwa Kisukuma na kumwongoza polepole katika Kiswahili.

*Shuleni.* Wajumbe wa kamati za shule waombe mambo matatu kwa adabu: adhabu kwa ajili ya lugha ya nyumbani ikome kabisa, mwalimu mgeni apewe msaidizi wa kumfafanulia darasa la kwanza, na wazee, wake kwa waume, waalikwe kusimulia katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, au baada ya vipindi. Mwalimu mgeni tumfundishe nasi Kisukuma; asiachwe mpweke kati yetu.

*Katika Jumuiya Ndogo Ndogo.* Kila Jumuiya iwe na daftari la kuandikia vitendawili, methali, majina ya miti, ya dawa na ya udongo, pamoja na jina la mzee aliyesimulia, kama mwenyewe akiridhia. Vijana waliomaliza sekondari wawe makarani. Neno la Mungu lisomwe kwa Kiswahili, na mzee asiyekijua aelezewe kwa Kisukuma kabla ya kuanza kushirikishana.

*Katika mkutano wa kijiji.* Kila jambo la ardhi, fidia au mkopo lielezwe kwa lugha ambayo mwenye haki anaielewa, na asitie dole gumba kabla ya kurudia kwa maneno yake mwenyewe alichokubali. Asipoweza kurudia, hajakubali. Kamati ya Haki na Amani itoe wakalimani wawili waaminifu, mmoja wao mwanamke.

Ndugu, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, kalamu, jioni, na unyenyekevu wa kijana kumwambia mzee, "Nifundishe." Mzee atakayesikia ombi hilo atajua kwamba bado anahitajiwa duniani. Tuanze na wale walio hai leo, kwa kuwa wanaondoka.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika kitongoji chetu, ni watoto gani walioacha shule katika madarasa ya mwanzo? Lugha ilichangia kwa kiasi gani?
2. Nani kati ya wazee wetu, hasa akina mama, hajatembelewa na vijana mwaka huu? Tutamwomba atufundishe nini?
3. Katika mkutano wa mwisho wa kijiji, nani hakuelewa kilichoamuliwa? Tulifanya nini juu yake?
4. Wenzetu wasio Wasukuma wanajisikiaje katika Jumuiya yetu? Tuwape nafasi wajibu wao wenyewe.